Mboga ya Majani Mbele ya Mgeni



Pita saa kumi na mbili za jioni katika njia za Katuba, za Kenya ao za Kamalondo, hapa kwetu Lubumbashi. Mbabula zinawaka nje, moshi wa makala unapanda, na kutoka kila lupango utasikia mtoto anauliza neno moja: « Mama, leo mboga ni nini? » Hakuna mtoto anayeuliza kama kuko bukari. Bukari inajulikana. Siku isipokuwapo, hakuna anayeuliza kitu, watu wanalala. Swali ni juu ya mboga.

Katika vitabu vya shule, mboga ni majani na matunda ya bustani. Sisi watu wa hapa tumelipa neno hili nafasi kubwa zaidi. Kwetu mboga ni kila kitu kinachosindikiza bukari: nyama ni mboga, samaki ni mboga, maharagi ni mboga, lengalenga ni mboga. Neno moja linawaweka wote kwenye sahani moja. Lakini mioyoni mwetu tumewapanga kwa ngazi. Juu tumeweka kuku, kisha nyama, kisha samaki mbichi, kisha tomsoni na ndakala, na chini kabisa tumeweka majani. Ndiyo maana mtu akikueleza alichokula jana, atasema « tulikula kuku » kwa sauti ya juu, lakini atasema « tulikula majani tu » kwa sauti ya chini. Sikiliza vizuri ile « tu ».

Na mgeni akipiga hodi wakati nyungu ya majani iko motoni, mama wa nyumba anatafuta mfuniko haraka. Mtoto anatumwa dukani kwa kukopa. Baba anatoka nje kuongea na jirani kwa sauti ndogo.

Nataka tuulize pamoja swali hili: je, ni haki kuona haya? Mtu akimpa mgeni mboga ya majani, mbichi na safi, amemdharau? Na kama tunasema kwamba heshima ya mgeni inadai kitu cha bei, nani hasa anayelipa ile bei?

1. Mboga za wakati wa mvua

Tuanze na mboga zenyewe, sababu hatuwezi kuhukumu kitu bila kukitazama.

Katika inchi yetu ya Katanga mvua inaanza mwisho wa mwezi wa kumi ao katika mwezi wa kumi na moja, inaendelea mpaka mwezi wa tatu ao wa nne. Mvua mbili tatu zikiisha kunyesha, lengalenga inaota yenyewe nyuma ya nyumba, pale tulipokuwa tukitupa takataka za jikoni. Maboga yanatambaa mpaka kwenye ukuta wa jirani. Matembele, maana yake majani ya viazi vitamu, yanafunika udongo wote. Gombo inachanua. Ngaingai inaleta uchungu wake mtamu.

Tukumbuke tena jambo moja ambalo watu wa mji wanalisahau. Miezi ile ya mvua kubwa, kutoka wa kumi na mbili mpaka wa pili, ni miezi ya taabu. Mahindi ya mwaka uliopita yanakwisha, ya mwaka mpya bado hayajakauka, na bei ya unga inapanda. Kumbe ni wakati uleule majani yanakuwa mengi kuliko siku zote. Bankambo waliishi miezi ile kwa majani. Kabla ya hindi la kwanza kuchomwa, mvua ilikuwa imekwisha kuwalisha.

Sasa tazama namna ya kuzipika. Kibwabwa ni majani ya maboga. Mama anachuma ncha changa, anavunja kikonyo na kuvuta uzi wake polepole mpaka kwenye jani, sababu ngozi ile ni ngumu na ina vinyweleo vinavyokwaruza ulimi. Kisha anayasugua majani kati ya viganja, anayakata, anayachemsha kwa maji kidogo pamoja na nyanya moja ao mbili. Yakilainika anamwaga unga wa karanga iliyotwangwa, anakoroga kwa mwiko, anapunguza moto. Karanga ikianza kutoa mafuta juu, mboga iko tayari.

Lengalenga haitaki mambo mengi. Unaiosha kwa maji matatu sababu ya mchanga, unakaanga kitunguu na nyanya, unatia majani, na kabla rangi yake haijageuka unatelemsha nyungu. Matembele vilevile, na mafuta ya ngazi kidogo kwa anayeyapenda. Gombo unaikata vipande vidogo, unaipika na maji ya majivu ao bikarbonate kidogo, nayo inakuwa ule mulenda unaotelemsha bukari kooni bila kutafuna. Sombe ina kazi zaidi: sharti uitwange katika kinu, uichemshe muda mrefu bila haraka, sababu majani ya muhogo yana sumu ndani, na ni kutwanga pamoja na moto ndivyo vinavyoiondoa.

Mboga hizi zina tabia moja: hazingoji. Zilizochumwa asubuhi, jioni zimelegea. Kuku unaweza kumfunga mguu ukamngoja mgeni mkubwa wa mwezi ujao. Ndakala unaweza kuzifungia katika kopo. Lakini lengalenga unaila leo, na yule aliye nawe leo. Kama unataka kuwapa wengine, utawapa leo. Kwa hiyo bustani ya majani haijafundisha mtu kuficha. Hata jirani anayeomba, unamwambia: « Ingia, chuma. »

2. Haya hii ilitoka wapi?

Wengine watasema: haya hii ni ya asili, bankambo pia walimchinjia mgeni kuku. Ni kweli, nami nitalirudia jambo hilo. Lakini haya tuliyo nayo leo mjini ina baba mwingine pia, na baba huyo ni mposho.

Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mji wetu ukaanza mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville. Wafanyakazi wa machimbo na wa viwanda walikaa katika kambi, na kwa miaka mingi sehemu ya malipo yao ilikuwa chakula: unga, nyama ao samaki, mafuta, chumvi. Ndiyo mposho. Mwanaume alikuwa mwanaume sababu mposho wake ulifika nyumbani. Mwanamke aliyeonekana anachuma majani kando ya reli alisababisha maswali: bwana yake amefukuzwa kazi? Amekunywa mshahara? Hivyo polepole nyama ikawa alama ya kazi, na majani yakawa alama ya mtu asiye na kazi. Chakula kilekile kilichokuwa zawadi ya mvua kule kijijini, mjini kikawa ushuhuda wa kushindwa.

Kisha nyakati zikageuka. Machimbo makubwa ya Kamoto yaliporomoka mwaka 1990, na miaka ile ya 1990 kazi ya Gécamines ilianguka pamoja na mishahara. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondoka Gécamines kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Katika miaka ile, nani aliyelisha mji? Mabonde ya mito yalijaa vitanda vya lengalenga na vya shu. Wanawake walitoka saa kumi ya usiku kubeba mafungu mpaka sokoni. Vijana wenye diploma walijifunza kushika jembe na arozware. Kitabu *Byakula*, kilichotoka mwaka 2004 juu ya chakula cha mji wetu, kinaonyesha kwamba swali la kula nini limekuwa swali la kusomwa hata katika chuo kikuu.

Sasa hapa kuna ajabu. Majani yametuokoa, lakini haya ya zamani ya mposho haikuondoka. Mposho ulikufa, haya yake inaishi. Tunakula majani kila siku, na kila siku tunasema « tu ».

3. Kuku ya siku ile

Sisemi mambo haya juu ya wengine peke yao. Mimi mwenyewe nilianguka humu, na ndiyo sababu ninaandika.

Ilikuwa mwezi wa kwanza wa mwaka 2004. Mimi ni mwalimu, na wakati ule mshahara ulikuwa unachelewa. Baba mkwe wangu alitoka upande wa Bukama, ambako leo ni jimbo la Haut-Lomami. Alifanya safari ya siku nyingi kuja kutuona, na mkononi alibeba unga wa muhogo na samaki wakavu wa Lualaba. Alikuwa hajawahi kufika nyumbani kwangu tangu nilipomwoa binti yake.

Asubuhi ile mke wangu alikuwa amechuma kibwabwa na matembele nyuma ya nyumba. Aliniambia hivi:

« Papa, kuko kibwabwa ya leo na karanga. Baba anaipenda tangu zamani. Atakula bila shida. »

Nikamjibu: « Hapana, mama. Baba hawezi kutoka kule kote na tumupatie majani. Atarudia kusema nini ku kijiji? »

« Na makuta ya kuku itatoka wapi? »

« Kuko ile ya minervali. Tutairudisha mwisho wa mwezi. »

Mke wangu alinyamaza. Alikwenda sokoni Njanja akarudi na kuku. Tulimpika na nyanya, tukamtengea mzee sehemu zile zinazompasa mkwe, na kweli nilijisikia mtu. Yeye alikula kidogo, akashukuru, kisha akauliza kama hakuna hata majani kidogo. Kibwabwa ikaletwa katika sahani ndogo, kama kitu cha kuomba samahani. Aliimaliza.

Siku ya tano binti yetu wa kwanza, mwenye miaka minane, alirudishwa kutoka shule saa mbili asubuhi. Wote ambao hawakulipa minervali walitolewa katika kalasi. Wasomaji wa umri wangu wanajua jambo lile. Mpaka serikali ilipotangaza masomo ya bure kwa shule za msingi za serikali katika mwezi wa tisa wa mwaka 2019, watoto wengi wa inchi hii walijua njia ya kurudi nyumbani saa ile.

Mzee alikuwa amekaa chini ya mwembe, anamsaidia binti yake kuvuta nyuzi za kibwabwa. Mnajua desturi: kambo na mjukuu wake wanataniana, na mjukuu wa kike anaitwa mke wa kambo. Katika utani ule mtoto ana ruhusa ya kusema maneno ambayo mkwe hawezi kuyasema. Mzee akamwita:

« Muke wangu, leo masomo ni ya saa moja tu? »

« Kambo, banatufukuza. »

« Sababu gani? »

« Sababu ya minervali. Ile kuku ya siku ulifika, njo minervali yangu. »

Mtoto alisema bila uchungu, kama anayesema jina la ndege. Mke wangu aliinamisha kichwa juu ya majani. Mimi nilikuwa mlangoni, nilisikia yote.

4. Swali la mzee

Mzee hakusema kitu mchana kutwa. Jioni, nyuma ya kula, aliniita tukakaa pembeni, wawili tu. Alisema maneno ambayo nayaweka hapa kama nilivyoyashika:

« Mukwe wangu, weye ulinilisha masomo ya mutoto, na haukuniambia. Sasa nakuuliza. Mutu akikula kitu ya mutoto bila kujua, kosa ni ya nani? »

Nilitaka kujibu kwamba ni heshima, kwamba ni desturi, kwamba nilifanya vile kwa ajili yake. Maneno yalikataa kutoka.

Asubuhi yake alichukua samaki wakavu aliokuwa amewawekea ndugu yake mwingine wa Ruashi, akawapeleka sokoni mwenyewe. Makuta aliyopata hayakutosha minervali yote, lakini yalitosha kumrudisha mtoto kwenye kiti chake. Sehemu iliyobaki niliilipa kwa deni, na deni lile lilinisindikiza mpaka mwezi wa tano.

Tangu siku ile nimegeuza swali lake pande zote. Kosa ni ya nani? Mtoto hana kosa. Mke wangu aliniambia ukweli mapema. Mgeni hakuomba kuku. Hata aliomba majani. Kosa ni langu, hilo ni wazi. Lakini mzee aliuliza jambo la ndani zaidi. Alitaka nione kwamba nilimkosea *yeye* pia. Kama ningemweleza bei ya sahani ile, angekataa kuinyosha mkono. Nilimficha, nikamfanya mkono wake uchukue kile ambacho moyo wake usingekichukua. Mtu mwaminifu nilimgeuza kuwa mla masomo ya mjukuu wake, na hakujua.

Hapa ndipo nimefika katika mawazo yangu. Sisi tunafikiri kwamba heshima ya uongo inamwumiza mwenyeji tu: deni, njaa ya kesho, ugomvi na mke. Hapana. Inamwumiza mgeni mbele ya wote. Inamnyima haki ya kujua anakula nini na kwa jasho la nani. Inamwingiza katika kosa bila kumwuliza.

5. Bankambo walitaka nini?

Sasa nirudie lile jambo la desturi. Wazee wetu walimchinjia mgeni kuku, na anayesema kwamba desturi ile haina maana anajidanganya. Ilikuwa na maana kubwa. Lakini tuitazame vizuri. Kuku yule alitoka wapi? Alitoka katika lupango la mwenyeji mwenyewe. Aliangulia yai lake palepale, alikula pumba za nyumba ile, watoto walimjua kwa rangi yake. Kumchinja ilikuwa kumwambia mgeni: tunakupa kitu kilichokua pamoja nasi. Hakuna mzee aliyekwenda kukopa kuku kwa mfanyabiashara, na bila shaka hakuna aliyemwuzia kuku yule karo ya mtoto wake.

Leo kuku tunayemwita heshima mara nyingi ametoka katika friji. Amekufa mbali, katika inchi ambayo hatuijui, amefika kwa meli na kwa lori kupitia Kasumbalesa. Hana mkono wetu ndani yake hata kidogo, isipokuwa mkono wa kulipa. Na kibwabwa iliyokua nyuma ya nyumba, iliyochumwa na umande, iliyovutwa uzi mmoja mmoja? Hiyo ina mkono wetu wote. Kama tunatafuta roho ya desturi na si ngozi yake, basi kibwabwa ile iko karibu na kuku wa bankambo kuliko yule kuku wa barafu.

Wahenga wanasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilimpokea mgeni kwa namna ya kumfanya mwenyeji augue.

6. Mtu atasema…

Najua maneno yatakayorudishwa, na yana haki ya kujibiwa.

La kwanza: « Mwalimu, unawafungulia wachoyo mlango. Kesho mtu ataficha nyama chini ya kitanda na kumpa mgeni majani, akisema ni falsafa. » Neno hili ni la kweli, na desturi yetu inalijua sana. Kumfichia mgeni nyama ni aibu kubwa zaidi kuliko kukosa nyama. Kwa hiyo sisemi kwamba majani yenyewe ni matakatifu. Anayefuga kuku na amchinje. Aliyepata nyama na aigawe. Nasema tu kwamba mgeni anapaswa kula kilicho kizuri katika nyumba ile siku ile, bila kufichwa kitu na bila kuibiwa mtoto. Mchoyo na mwenye majivuno wanafanana katika jambo moja: wote wawili wanamficha mgeni hali ya nyumba. Mmoja anaficha alicho nacho, mwingine anaficha asicho nacho.

La pili nililiambiwa na mke wangu, aliposikia nataka kuandika makala hii. Alicheka akasema: « Unaandika mboga mwepesi, mboga mwepesi. Ni nani anavutaka nyuzi? » Alinikamata. Tunaposema chakula cha majani ni chepesi, tunahesabu makuta peke yake. Kuchuma, kuvuta nyuzi, kuosha maji matatu, kutwanga sombe mpaka mabega yanauma: yote hayo ni bei pia, na kwa desturi yetu anayelipa ni mwanamke. Kama nikikataa kumtoza mtoto kwa ajili ya mgeni, kisha nikamtoza mke peke yake, nimehamisha deni tu. Mzee yule mwenyewe, mkwe mwenye mvi, alikaa chini ya mwembe akavuta nyuzi. Sisi wenye diploma tunaona haya ya nini? Siku hizi kinu cha sombe kwetu kinajua mikono yangu pia.

La tatu ni zito, na ni la wakati wetu. Mtu atauliza: « Majani haya mnayoyasifu yametoka bonde gani? » Mji wetu umekaa juu ya madini. Moshi wa viwanda ulianguka juu ya udongo kwa miaka karibu mia moja, na maji machafu yameingia katika mito ambayo watu wanamwagilia bustani zao. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba watu wa Katanga wanaokaa karibu na machimbo na viwanda wana kobalti nyingi mno katika miili yao. Vumbi lile linakaa juu ya majani, na mizizi inavuta kilicho katika udongo. Kuosha kunaondoa vumbi, lakini hakuondoi kile kilichokwisha kuingia ndani ya jani.

Jambo hili halivunji mawazo yangu, bali linayakaza. Nilisema kosa langu lilikuwa kumlisha mgeni kitu ambacho hakujua kimetoka wapi. Basi ndivyo ilivyo kwa anayeuza lengalenga iliyolimwa kwenye maji ya kiwanda na kusema imetoka kijijini. Ubichi wa macho haitoshi. Majani yanaweza kung'aa na kudanganya, kama vile kuku yangu ilivyonukia vizuri na kudanganya. Mboga ya heshima ni ile ambayo mwenyeji anaweza kujibu swali juu yake bila kugeuza macho: nani alilima, wapi, kwa maji gani.

7. Tumalize

Sitaki kumwachia msomaji sheria mpya, tuna sheria nyingi. Naacha maswali matatu ambayo sisi nyumbani tunajiuliza mgeni akipiga hodi. Kitu hiki ni chetu kweli, ao ni cha mtu mwingine aliye katika nyumba hii? Mgeni akijua bei yake yote, atakila kwa furaha? Na mimi, nimeshika kazi gani katika kukitayarisha? Kama majibu ni mazuri, lete kuku ao lete matembele, ni mamoja. Kama majibu ni mabaya, hata ng'ombe mzima hatatosha.

Baba mkwe alirudi kutuona mara moja tena, katika masika ya mwaka uliofuata. Safari hii hakuleta samaki. Alileta mbegu za maboga katika kitambaa kilichofungwa fundo, akamkabidhi mjukuu wake, si mimi. Alipoingia hakukaa kwanza. Alisimama kwenye mbabula, akafunua nyungu mwenyewe, jambo ambalo mkwe hafanyi, na akauliza kwa sauti ya juu, kama mtoto wa Katuba:

« Leo mboga ni nini? »

Mke wangu akamjibu: « Lengalenga, Baba. »

Hakuongeza « tu ». Tulinawa mikono, tukala.